Je, Mtoto Ana Haki ya Kumkatalia Mkubwa?

Wapo watakaoliona swali hili la kipuuzi. Mtoto ni mtoto, watasema, na mkubwa ni mkubwa. Nami nakubali kwamba mtoto anayekataa kutumwa kibiriti dukani, eti kwa sababu ana haki zake, anahitaji kufunzwa. Lakini ndugu msomaji, siongelei kibiriti. Naongelea mtoto wa miaka sita au saba ambaye mkubwa, tena mkubwa anayemfahamu vizuri, anamwambia: "Njoo huku, na usimwambie mtu." Hapo mtoto afanye nini? Na ni nani aliyewahi kumwambia afanye nini?

Jambo hili tumelibishania sana kijiweni, mimi na mshkaji wangu mmoja, fundi simu, ambaye amepanga chumba kimoja na mkewe na binti yao. Nyumba yenyewe mnaijua hata kama hamjafika: vyumba sita, familia sita, choo kimoja uani. Kila mwanamume pale ni "anko" na kila mwanamke ni "anti". Mke anashinda sokoni, mume kwenye kibanda chake, na binti akirudi shule mchana anapokelewa na uani. "Sasa nimwambie nini, bwana?" aliniuliza. "Nikimwambia awaogope watu wazima nitakuwa nimemharibu. Nisipomwambia nitakuwa nimemwacha hivihivi tu."

Hebu tuitazame hiyo adabu tunayoogopa kuiharibu. Sina ugomvi na shikamoo. Naitoa, na siku hizi naipokea. Lakini pamoja na shikamoo tunampa mtoto mambo mengine. Akiitwa na mkubwa, aitike na aende. Akitumwa, asiulize kwa nini. Akikemewa, ainamishe macho. Mambo ya wakubwa asiyatangaze. Kila moja ni adabu njema. Sasa yaweke yote pamoja, halafu uyatazame kwa jicho la mtu mwenye nia mbaya. Huyo hana haja ya kutumia nguvu. Nusu ya kazi yake tumeshamfanyia sisi, tena kwa mapenzi.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo sisi tunaojiita waandishi lilipaswa kutuuma kuliko wengine. Viungo fulani vya mtoto tumevipa majina ya aina mbili. Kuna ya matusi, ambayo akiyatamka anachapwa. Na kuna ya adabu, ambayo ni "sehemu za siri". Siri! Tunamfundisha kwamba pale ni mahali pa siri, kisha tunashangaa kwamba alipoguswa pale alitunza siri. Na akipata ujasiri wa kusema, maneno anayoyapata ni haya: "Amenifanyia tabia mbaya." Hata mahakamani watoto wamekuwa wakisema hivyo wanapotoa ushahidi. Lakini "tabia mbaya" si ndiyo tunayomkemea nayo yeye mwenyewe akiiba sukari au akimpiga mdogo wake? Kwa hiyo hana namna ya kumshitaki yule mtu bila kujishitaki. Mimi ningependa tumpe maneno ya kawaida, yale ya kwenye somo la sayansi, uume na uke, ayajue kama anavyolijua goti. Tutaona haya kidogo. Tutazoea.

Wakati mwingine nasikia watu wakisema kwamba haya ni mambo ya magazetini. Basi ukumbuke utafiti uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na matokeo yake yakatolewa 2011, ambao Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kilishiriki pamoja na UNICEF. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono wa namna fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ni 1 katika kila 7. Na wavulana jamani, hao ndio hatuwaongelei kabisa, kana kwamba kuzaliwa mwanamume ni ulinzi tosha. Hesabu darasa moja la watoto sabini unalolijua, halafu uniambie kama ni mambo ya magazetini.

Mzee mmoja wa pale mtaani, ambaye huja kijiweni kusoma magazeti bila kununua, alitukatiza siku moja. "Wanangu, nyie mmeiga. Zamani mambo haya yalikuwa na watu wake." Mzee wetu ana hoja, wala sitaki kuipita mbio. Pwani palikuwa na somo na kungwi, palikuwa na jando na unyago, na kwingine palikuwa na bibi na shangazi. Mzazi alikuwa na haki ya kuona haya kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kutoona haya. Leo shangazi yuko kijijini, au yuko mjini lakini nauli ya daladala ni tatizo, na haya ya mzazi imebaki peke yake, haina mwenzake wa kuibeba. Hata hivyo, mzee wangu, unyago ulikuja mtoto akishapevuka, nao kwa sehemu kubwa ulimwandaa kwa ndoa. Huyu wa miaka sita angesubiri mpaka lini? Mzee akasema tutawalea watoto wajeuri. Akarudi kwenye gazeti lake.

Ujeuri basi. Mimi naona tunachanganya kukataa na kudharau. Ukubwa ni dhamana: mtoto anamtii mkubwa kwa sababu mkubwa amesimama mahali pa baba yake na mama yake. Mkubwa anayemwambia mtoto amfiche mama yake jambo lililofanyika mwilini mwake ameshaondoka mahali pale, kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto akimkatalia hajamvunjia heshima mkubwa yeyote. Sasa utasema mtoto wa miaka sita hawezi kuipima falsafa hiyo, na ni kweli. Ndiyo maana anahitaji alama nyepesi, na alama ninayoiona nyepesi kuliko zote ni ile siri. Mtu yeyote akikwambia "usimwambie mama", njoo umwambie mama. Mshkaji akacheka: "Na mimi ninapompa soda kabla ya kula, nikamwambia asimwambie mama yake?" Basi acha, nikamwambia. Hiyo soda itakugharimu.

Na wala si mazungumzo ya kumkalisha mtoto kwenye kiti kama mshitakiwa. Ni maneno machache wakati wa kumwogesha, au njiani mnapokwenda dukani, leo kidogo na wiki ijayo kidogo: nani anaruhusiwa kukuogesha, nani haruhusiwi, ukishikwa piga kelele, ukikatazwa kusema, sema, na hata kama uliambiwa kwamba nitakuchapa, sitakuchapa. Ukishindwa wewe mzazi, ipo namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia, haina malipo.

Sheria, kwa upande wake, imejitahidi. Tangu mwaka 1998 kumbaka mtoto Tanzania ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka 30 na zaidi. Mwaka 2016 Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa, mtoto wa miaka 14 au chini ya hapo aweze kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Na katika makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Yaani jaji anaweza kumwamini mtoto. Nyumbani ndiko kwenye kazi, kwa sababu kesi nyingi haziendi hata kituoni. Kinaitishwa kikao, anatajwa marehemu babu, linasemwa lile la "tuyamalize kifamilia", na mtoto anapelekwa kukaa kwa mama mdogo wake kama kwamba yeye ndiye aliyeharibu nyumba.

Hapa ndipo mshkaji wangu alipopata shida ya kweli. Kodi yao ya miezi sita ililipwa na kaka wa mkewe, naye huja pale mara kwa mara, analala. "Simshuku," alisema, na nadhani ni kweli hamshuku. "Lakini nikishamfundisha mtoto kusema, siku moja si anaweza kulitaja hata jina la anayetulipia kodi?" Anaweza. Na watoto ni wepesi wa kuusoma uso wa mzazi asiyetaka kusikia. Wakiuona wanameza maneno. Nilimwambia aongee kwanza na mkewe, usiku, mtoto akiwa amelala, wakubaliane kama wako tayari kukikosa kile chumba.