Ulimi wa Watu na Mkono wa Serikali

Ndugu zetu wa Mwambao wenye jamaa Pumwani, Kaloleni na Kayole wajua jinsi uvumi uendavyo huko Nairobi: neno lawekwa Facebook usiku, na kabla ya alfajiri mtaa mzima washaamka nalo. Basi twauliza: je, Serikali ina haki ya kutia mkono katika uwanja ambao mwenyewe ni tajiri wa ng'ambo?

Sisi haturidhii askari awe mpimaji wa maneno. Mwaka 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari, wakoloni walifunga magazeti kadhaa ya Waafrika. Na sheria ya Kenya ya 2018 ilimwekea mwenye kueneza uongo mtandaoni kifungo cha hadi miaka 10. Uongo huo aupime nani? Twachelea kuwa ni yule yule aliyesemwa.

Lakini kumwachia tajiri peke yake nako ni dhulma. Mwaka 2021 Profesa Meareg Amare aliuawa Ethiopia baada ya kuchongewa katika Facebook. Mwanawe adai kwamba kampuni ilionywa ikanyamaza. Alishitaki Nairobi mwaka 2022, kwani wachujaji wa maneno hayo walikuwa wakifanya kazi mjini humo. Na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa yaweza kuisikiliza kesi.

Njia hiyo ndiyo tuionayo ya haki: mtu aseme bila kuomba kibali, na mwenye uwanja, akionywa akapuuza, ajibu mbele ya hakimu. Ila mtu wa Kayole asiye na nauli ya kufika mahakamani, sembuse ada ya wakili, atashitaki vipi? Hilo hatujalipatia jawabu.