Januari ya Palizi

Kule Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Mbozi, Njombe hadi Mbinga, shule hufunguliwa Januari, na Januari hiyohiyo mahindi yamefika magotini, magugu nayo yamechachamaa. Mtoto anatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Wengi wetu tumekulia humo. Alfajiri unapalilia mistari miwili, umande umekulowesha hadi mapajani, kisha unanawa miguu kwenye karai, unavaa sare na kushika njia, mkononi kidumu cha maji na ufagio wa chelewa. Kazi ile ilitufunza kusoma mawingu na kuheshimu chakula, nami naishukuru mpaka leo. Mwalimu Nyerere alilijua hilo alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka shule ziwe na mashamba. Lakini hakutaka jembe lichukue nafasi ya daftari.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, ila msimu wa palizi ukifika wapo watoto ambao madawati yao hubaki wazi. Mtoto akikosa wiki za mwanzo za hesabu za sehemu, wenzake wakisonga mbele yeye hubaki anakodoa macho ubaoni, na aibu humrudisha shambani moja kwa moja.

Mzazi mwenzangu, palizi ya mtoto iishe kabla ya kengele. Eka zinazobaki tusaidiane kwa zamu, jirani kwa jirani. Leo mpokee jembe, aende shule.