Fikirini ni Wetu. Na Huyu wa Dirishani?

Mwanasheria aliyemjaribu Yesu katika Injili ya Luka alikuwa msomi. Torati aliijua barabara, na alipoulizwa imeandikwa nini alijibu bila kubabaika. Alikwama pale alipotaka kuelezwa nani hasa ahesabiwe jirani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimezeekea kazini katika shule za upili za Eastlands, Nairobi, na kisa hicho nakisikia kwa sikio la mwalimu: huyu ni mtu aliyepita karatasi ya kwanza vizuri sana na bado hajui kuishi na watu. Ndiyo maana nikisikia hotuba kwamba elimu na utamaduni huunganisha watu wa mataifa mbalimbali, nusu naikubali papo hapo. Nusu ya pili nadai ithibitishwe.

Nusu ninayoikubali nimeiona kwa macho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Katika miaka hiyohiyo Nairobi ilikuwa ikicheza muziki wa Watanzania. Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa jijini mwaka 1978 na wanamuziki wa Tanzania na Kenya, ilitupa “Sina Makosa”, na sauti ya mwimbaji wake John Ngereza, mwana wa Tanzania, ikasikika mitaani kuanzia Makongeni hadi Bahati. Wakongo nao walikuwa wameshafika na magitaa yao, na Super Mazembe ikatuchezesha kwa “Shauri Yako”. Wakubwa walikuwa wamenuniana, lakini Jumamosi jioni hakuna aliyeuliza wimbo ule ulipitia Namanga au Taveta.

Darasani mambo ni hayo hayo. Vijana wa Jericho, Maringo na Shauri Moyo wameisoma “Utengano” ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha miaka mingi Bayreuth, Ujerumani. Wameisoma “Siku Njema” ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996: Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarab, anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba yake, mpaka Kitale. Nimewaona wavulana wagumu wa Kidato cha Tatu wakiinama kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa, ili mwalimu asiyaone macho yao. Mvulana ambaye hajawahi kufika hata Voi anaumia kwa ajili ya yatima wa Tanga. Asiyeiona kazi ya fasihi hapo hataiona popote.

Lakini Kongowea hatugharimu kitu. Hahitaji nafasi kwenye dawati, hapangi foleni ya githeri, hashindanii karo ya msaada na mtoto wako. Unafunga kitabu, naye anaondoka bila kuaga. Walibora mwenyewe, aliyesomwa Kenya nzima na nje yake, aligongwa na gari kwenye Barabara ya Landhies Aprili 2020, hapa mlangoni pa Eastlands, na siku kadhaa zikapita ndugu na marafiki wakimtafuta kabla ya mwili wake kutambuliwa hospitalini. Maelfu walimjua kwa maneno yake. Barabarani alikuwa mtu asiye na jina.

Mwaka 2014 tulikuwa tukifundisha “Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine”, mkusanyiko uliohaririwa na Walibora pamoja na Said Ahmed Mohamed. Hadithi iliyoupa mkusanyiko jina ni ya Walibora. Inamhusu Fikirini, mwanafunzi wa Kiafrika anayekwenda kusoma Marekani na kukumbana na ubaguzi wa rangi. Mwandishi hakuwa akibahatisha: alisomea shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, kisha akafundisha Wisconsin. Wanafunzi wangu walikasirika ipasavyo. Walitoka darasani wakiitukana Marekani.

Basi tarehe 31 Machi mwaka huohuo milipuko iliua watu Eastleigh, na Aprili ikaja na msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani huku karatasi zao zikikaguliwa. Sisemi kwamba hofu ilikuwa ya uongo. Watu walikuwa wamekufa. Nasema yaliyotokea darasani kwangu. Dirishani alikuwa akiketi binti wa Kisomali kutoka Eastleigh, msichana wa maneno machache. Tulikuwa tukijadili maudhui ya ugeni. Akainua mkono.

“Mwalimu, Fikirini alikuwa na kipande?”

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: “Angekuwa hana karatasi, bado tungemhurumia?”

Kutoka nyuma mvulana mmoja akajibu kabla yangu, wala hakujibu kwa ubaya: “Fikirini ni wetu.”

Hakuna mhubiri wala profesa aliyewahi kunionyesha shida hii kwa uwazi kama mvulana yule. Huruma yetu ilikuwa imefuata umiliki. Tuliposoma habari za Mwafrika ugenini tulijiona sisi wenyewe, tukajionea huruma, kisha tukadhani tumewapenda watu wote. Hadithi ilikuwa imetufikisha Marekani bila kututoa kwetu. Msamaria wa Luka, ambaye Yesu alimsimulia yule mwanasheria kuwa jibu lake, alikuwa kinyume chake. Yule majeruhi aliyemkuta njiani hakuwa wake, na jamii zao zilikuwa na uhasama wa karne nyingi. Hatuambiwi kama alikuwa amesoma. Tunaambiwa alichotoa: mafuta na divai, mnyama wake, fedha kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kurudi kulipa kitakachozidi.

Jambo hili nililipeleka kwa ustadhi aliyekuwa akifundisha somo la dini ya Kiislamu, mzee wa Majengo ambaye ukoo wake una Wamanyema wa Kongo ndani yake, kama koo nyingi za pale Pumwani. Akanikumbusha fundisho la sura ya Hujurat, kwamba Mungu aliwafanya wanadamu mataifa na makabila ili wapate kujuana. Nikambishia. Nikasema, ustadhi, hata mpelelezi anamjua mtu: anajua jina lake, la baba yake, namba ya simu na nyumba anayolala.

Akacheka. “Mwalimu, mpelelezi anakujua wewe, lakini wewe humjui yeye. Huko si kujuana. Wewe umekubali ujulikane na yule binti?”

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo. Elimu inajenga ukaribu pale tu ambapo kila upande unaweza kufunzwa na mwenzake. Chukua safari za ndege za kuwapeleka wanafunzi Marekani, alizozipigania Tom Mboya, aliyekuwa mkaazi wa Ziwani, karibu tu na tulipo. Ndege ya kwanza iliondoka mwaka 1959 na wanafunzi 81, na mwaka 1960 wakfu wa ukoo wa Kennedy ukasaidia kulipia wengine. Miongoni mwa walioondoka mwaka huo alikuwa Wangari Maathai. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi, wakiwa njiani kwa basi kupitia Indiana, walivyoambiwa wanywe soda zao nje kwa kuwa weusi hawakuruhusiwa kuketi ndani ya mkahawa. Basi likaendelea hadi Atchison, Kansas, na huko watawa Wakatoliki wakampokea chuoni kwao. Nchi ilikuwa moja, safari moja, ufadhili mmoja. Mkahawa ulichukua pesa yake na kumnyima kiti. Watawa walimpa kitanda, wakamfundisha biolojia, na miaka minne wakaishi naye, wakimwona na kuonwa naye. Ndege ilimvusha bahari, lakini ujirani ulitendwa na watu wenye majina, katika nyumba yenye anwani.

Sikulihubiria darasa langu. Niliwapanga upya tu, na yule mvulana wa nyuma akaangukia dawati la dirishani. Alinung’unika. Baada ya muda akagundua kwamba jirani yake ndiye bingwa wa ngeli darasani, kwa maana alilelewa utotoni Mombasa, na yeye sarufi ilikuwa ikimtoa jasho. Binti naye alihitaji mtu wa kutembea naye jioni hadi kituo cha matatu. Kwa hiyo mmoja akasahihishwa “kiti langu”, na mwingine akasindikizwa. Hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walibishana kila siku, na wiki moja hawakusemezana kwa sababu ya Arsenal. Lakini hata kununiana kunahitaji watu wanaofahamiana, na katika mabishano yale mvulana alikuja kujua nyanya yake binti alivuka mpaka lini na kwa nini, naye binti akajua nyumba ya akina mvulana, chumba kimoja Shauri Moyo, ililala watu saba. Hakuna kati ya hayo lililokuwa kwenye kitabu teule.

Sidharau kitabu. Bila Fikirini, yule binti asingepata mahali pa kutundika swali lake. Angelibeba kimya mpaka nyumbani. Kitabu kilifungua mdomo wa mgeni. Kumsikiliza ilikuwa juu yetu, na hiyo ni kazi ya imani zaidi kuliko ya fasihi, maana inadai utoe kitu kabla hujajua utarudishiwa nini.

Kwa hiyo siku hizi mwalimu mwenzangu akinitangazia kwa fahari kwamba shule yao imeunda urafiki na shule ya Ulaya, picha zimepigwa na bendera zimepepea, nampa mkono wa hongera, kisha namuuliza mambo mawili. Hao Wazungu wamejifunza nini kwenu? Na yule mtoto wa Mrundi anayeuza njugu hapo langoni, darasani kwenu anaketi na nani?