Kabla Mtoto Hajafungwa Mkanda Mweupe

Mzazi anayefikiria kumwandikisha mtoto wake katika mafunzo ya jiu-jitsu huanza na maswali yaliyo mepesi kujibiwa, kama vile ada ni kiasi gani, vazi linapatikana wapi na umri wa kuanza ni upi, ilhali swali linalostahili kutangulia ni kama watu wazima watakaokabidhiwa mwili wa mtoto huyo wanahakikisha kwamba anaachiwa mara tu anapoomba kuachiwa. Swali hilo halitokani na kuuogopa mchezo, bali linatokana na jinsi mchezo wenyewe ulivyoundwa.

Jiu-jitsu inayofundishwa leo katika miji mingi, Nairobi ikiwemo, ni ile iliyokulia Brazil, ingawa chimbuko lake ni Japani. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha judo kwa kuzichuja mbinu za kale za kupigana bila silaha, akiziweka kando zile zenye kuleta madhara makubwa ili vijana waweze kushindana kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi mazoezini wakiwa wazima. Mitsuyo Maeda, aliyefunzwa katika shule ya Kano, alifika Brazil mwaka 1914, na kupitia kwake Carlos Gracie na mdogo wake Hélio walipata maarifa waliyoyaendeleza kuwa mchezo unaojikita katika mapambano ya chini, yaani yale yanayoendelea baada ya wapinzani kuanguka. Hamna ngumi wala teke. Anayeshinda ni yule anayemdhibiti mwenzake, ama kwa kumkalia mahali asipoweza kujinasua, ama kwa kumkunja kiungo au kumbana shingo hadi akubali kushindwa.

Kukubali huko kuna ishara yake, nayo ni kumgonga mwenzako au mkeka kwa kiganja mara mbili au tatu, au kusema kwa sauti kama mikono imebanwa, na aliyegongwa hana budi kuachia papo hapo. Mtu mzima huizoea ishara hii haraka akaiona ya kawaida, lakini kwa mtoto wa miaka saba ni elimu nzito, kwa kuwa anajifunza kwamba mwili wake una mpaka ambao mwenye nguvu zaidi analazimika kuuheshimu, na kwamba naye, siku atakapokuwa juu, atawajibika vivyo hivyo kwa aliye chini yake. Katika jamii ambamo watoto wengi hulelewa kwa kanuni ya mwenye nguvu mpishe, na ambamo mtoto anayelia kwa kuumizwa huambiwa ajikaze, somo hili lina thamani kuliko medali yoyote.

Thamani hiyo, hata hivyo, haimo katika vazi wala katika mkanda, bali imo katika usimamizi. Katika darasa zuri, mwalimu hukagua kucha kabla ya mazoezi na humrudisha nyumbani kwa upole mtoto mwenye choa au mapunye, kwa sababu magonjwa ya ngozi husambaa upesi pale ngozi zinaposuguana kwenye mkeka mmoja. Huwapanga watoto kwa uzito na umri, wala hamtupi mgeni mikononi mwa bingwa wa darasa. Tena humtazama aliye chini zaidi kuliko aliye juu. Mtoto aliyelaliwa na mwenzake hufundishwa kwanza kuinua viwiko, kugeukia ubavu na kuusogeza mwili kwa kusukuma kiuno hadi goti lipate upenyo wa kuingia katikati yao. Hiyo kazi ndogo ya kutafuta nafasi bila kupaparika, huku uzito wa mwenzake ungali kifuani, ndiyo hasa inayomjenga, na mzazi mwenye subira ataiona ikitokea mbele ya macho yake.

Kuna mambo ya mwili ambayo hayahitaji kubishaniwa. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka la gegedu, yaani tishu laini inayouwezesha mfupa kurefuka, ambalo halikomai hadi mwishoni mwa ujana, na kiungo kikikunjwa kwa pupa tabaka hilo linaweza kuumia. Ndiyo maana kanuni za IBJJF, shirikisho kubwa la mchezo huu, huwakataza watoto wadogo mbinu kadhaa zinazoruhusiwa kwa wakubwa, zikiwemo nyingi za kukunja miguu. Shirikisho hilo pia limewawekea watoto mikanda yao, mweupe, wa kijivu, wa njano, wa chungwa na wa kijani, na haliwapi mkanda wa buluu kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 16; kwa hiyo klabu inayomwahidi mzazi kwamba mwanawe wa miaka kumi atapata mkanda mweusi wa jiu-jitsu ya Brazil haisemi kweli.

Hatari nyingine hutoka kwa wazazi wenyewe. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani lilifuta mashindano ya kitaifa ya wanafunzi wa shule za msingi, kwa kuwa tamaa ya ushindi ilikuwa imepita kiasi, watoto wakapunguzwa uzito kwa lazima na watu wazima wakawakemea waamuzi. Ikiwa nchi iliyouzaa mchezo imeona haja ya kujirudi hivyo, mzazi wa Mombasa au Mwanza naye anapaswa kujiuliza anampeleka mtoto kwa ajili ya nani. Mtoto anayeonewa shuleni huweza kupata utulivu mkubwa mazoezini, lakini akipelekwa akiwa na agizo la kwenda kulipiza, atakuwa amepewa kazi ambayo walimu na wazazi wenyewe walipaswa kuifanya.

Yapo pia maswali ya imani na staha, nayo yasipuuzwe. Kwa Mwislamu, kumwinamia mwalimu au kuiinamia picha ya mwasisi iliyotundikwa ukutani kunaweza kuwa kikwazo cha kweli, na wapo wazazi wasioridhia binti zao kukumbatana na wavulana mkekani. Falme za Kiarabu ziliuingiza mchezo huu katika shule za Abu Dhabi tangu mwaka 2008, jambo linaloonyesha kwamba unaweza kupangwa ukaendana na maadili ya Kiislamu. Mwalimu muungwana atakubali kupeana mikono badala ya kuinama na atatenga kikundi cha wasichana pale inapowezekana. Anayewadhihaki wazazi kwa kuuliza hayo amekwisha kujieleza.

Basi mzazi asilipe ada siku ya kwanza. Akae pembeni mwa mkeka kipindi kizima, atazame kinachotokea mtoto mdogo kuliko wote anapogonga, aone kama anaachiwa mara moja au anachekwa, kisha amuulize mwanawe, wakiwa wawili tu, kama angependa kurudi. Na kama klabu haimruhusu mzazi kukaa na kutazama, amchukue mtoto wake aondoke, hata kama mwalimu ana sifa nchi nzima.