Waamsheni Watoto

Ndugu zangu wazazi wa Dar es Salaam, ninasema nanyi kwa uchungu na kwa mapenzi. Binti yangu alipokuwa darasa la tano, mwalimu alimwuliza amewahi kufika mikoa gani. Akataja Njombe, kwa bibi yake. Morogoro je? Hapana. Iringa je? Hapana. Na mtoto huyo alikuwa ameshavuka Morogoro na Iringa mara sita, kwenda na kurudi! Lakini kila safari tuliondoka Mbezi usiku, yeye amelala siti ya nyuma, kitenge cha mama yake usoni, nami ninakimbizana na malori. Hakumdanganya mwalimu. Hakuwahi kufika. Mimi babaye ndiye niliyempitisha kama gunia la mahindi.

Tangu siku ile nimekataa, na leo nawasihi nanyi mkatae. Miji ya bara si mahali pa kuchimba dawa na kununua chipsi, kisha watu warudi garini. Waamsheni watoto! Washusheni! Laleni huko!

Likizo ya Juni ndiyo hii inakuja, mvua zimekwisha, barabara ni kavu. Siku ya kwanza msivuke Morogoro. Kilomita hazifiki 200, na najua mguu wa dereva utawasha kutaka kuendelea. Uzuieni. Asubuhi muwaonyeshe watoto milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika ukungu, muwaambie: maji ya Mto Ruvu yanaanzia huku juu, na hayo ndiyo mnayoogea nyumbani. Mtoto wa mjini anadhani maji yanaanzia bombani. Nani amewahi kumwambia vingine?

Kesho yake barabara yenyewe inawapitisha katikati ya hifadhi ya Mikumi. Twiga na tembo wanaonekana kutoka dirishani, basi punguzeni mwendo kama vibao vinavyotaka, na msimtupie nyani hata ganda la ndizi. Mkifika Ruaha Mbuyuni nunueni vitunguu, kisha pandeni Kitonga mchana kweupe, mtoto akiwa macho, aione lami inavyojikunja ukutani mwa mlima na bonde la mibuyu likibaki chini. Kitonga usiku ni taa za malori tu.

Halafu Iringa. Hapa nawaomba siku mbili kamili, wala sipunguzi hata saa moja.

Nendeni Isimila, kilomita 20 hivi kwa njia ya Mbeya. Mwaka 1951 mtu mmoja aliyekuwa akipita njia hiyo alisimama, akaingia korongoni, akaangalia chini. Kumbe alikuwa anakanyaga zana za mawe za watu wa kale. Miaka michache baadaye, 1957 na 1958, wataalamu wakaja kuchimba, na leo mahali hapo panajulikana duniani kote. Wangapi walipita kabla yake bila kusimama? Binti yangu aliwekewa kiganjani jiwe lililochongwa pande mbili, limechongoka mbele, nyuma limejaa mkononi sawasawa. Akaligeuza, akakaa kimya, kisha akakunja vidole vyake pale pale alipokunja vyake aliyelichonga. Sijui shule inayoweza kumpa mtoto kitu hicho ubaoni.

Nendeni na Kalenga. Ndiyo iliyokuwa ngome ya Chifu Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1894 wakaja na mizinga wakaibomoa. Yeye akaendelea kupigana porini hadi 1898, akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu hilo lirudishwe, lakini halikurudi mpaka 1954. Liko pale, ndani ya kioo, na mtoto anasimama mbele yake.

Najua mnavyojibu: hela ziko wapi? Ndugu zangu, mafuta ya kwenda kwa bibi mnayanunua kila mwaka. Kinachoongezeka ni gesti za usiku chache, na kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno ukikilinganisha na anacholipa mgeni. Bebeni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Chai iwe kwenye chupa, chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kapu. Msisahau masweta, kwa maana Juni ya Iringa inauma. Tairi la akiba lipigwe upepo, jeki ijaribiwe nyumbani kabla ya kuondoka. Saa kumi na mbili asubuhi muwe barabarani, saa kumi jioni gari liwe limezimwa. Nawasihi kwa nguvu zangu zote, msiendeshe usiku mkiwa na watoto! Lori limeharibika kwenye kona, tahadhari yake ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami, na matawi gizani hamtayaona mpaka mmeyafikia.

Kutoka Iringa msirudi njia ileile. Shikeni ya Mtera hadi Dodoma, mkapumzike, mkale zabibu, kisha mpande Kondoa hadi Kolo. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, mpande taratibu hadi kwenye miamba yenye michoro myekundu ya watu na wanyama, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wazee wa huko bado hufanya matambiko penye miamba hiyo. Waambieni watoto wasiguse ukuta, na wasipige kelele.

Pale Kalenga binti yangu aliniuliza, “Baba, mbona walirudisha kichwa peke yake? Mwili uko wapi?” Sikuwa na jibu. Mzee aliyekuwa akitutembeza akachutama mbele yake, akamwambia mwili umezikwa Mlambalasi, huko huko alikojipiga risasi. Binti akatoa daftari, akamwomba amtajie jina lile polepole aliandike. Mwaka huu safari yetu ya Iringa inaanzia huko.