Kusifu Usichokionja

Kiswahili kina methali mbili zinazonihukumu kila jioni. Ya kwanza inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ya pili ni kali zaidi: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Zote mbili zinafundisha kwamba yako mambo yasiyojulikana kwa kusimuliwa. Aliyeyapitia anayajua, sisi wengine tunabahatisha.

Zinanihukumu kwa sababu ya kazi yangu. Ninasoma Cagliari, mji mkuu wa kisiwa cha Sardinia huko Italia, na jioni nne kwa juma ni mhudumu katika mgahawa mmoja wa mtaa wa Marina, karibu na bandari. Nililelewa katika familia ya Wasabato kwenye milima ya Upare. Sijawahi kuonja pombe ya aina yoyote: si divai, si bia, hata dengelua ya miwa ambayo majirani zetu waliitengeneza kila palipokuwa na harusi. Nyama ya nguruwe pia sili. Hata hivyo nasimama mbele ya meza za watu na kuwaeleza divai ipi inakwenda na chakula kipi, nao wananisikiliza, wanaagiza na wanalipa.

Je, ninapowaambia kwamba divai fulani ni nzuri, ninasema kweli?

Kula katika mgahawa wa Kisardinia kuna mpangilio wake, na vinywaji hufuata mpangilio huo. Kwanza huja pane carasau, mkate mwembamba mkavu unaovunjika kama karatasi ngumu, pamoja na bottarga, yaani mayai ya samaki aina ya mkizi yaliyotiwa chumvi, yakabanwa na kukaushwa. Mayai hayo hupelekwa mezani na Vernaccia ya Oristano, divai inayokaa miaka katika mapipa ambayo kwa makusudi hayajazwi hadi juu, ili utando wa hamira uifunike na kuipa harufu ya lozi. Kisha huja fregola, punje za ngano zilizokaangwa na kupikwa na chaza wadogo, na pembeni yake Vermentino, divai nyeupe ya Gallura, kaskazini mwa kisiwa. Wanaokula kitoto cha nguruwe kilichochomwa polepole hupewa nyekundu: Cannonau, au Carignano ya Sulcis, inayotoka kusini-magharibi kwenye mashamba ya mchanga. Katika mchanga huo mdudu aitwaye filoksera, aliyeteketeza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakuweza kustawi. Mwisho ni seadas, andazi la jibini lililokaangwa na kumwagiwa asali, na baada yake kiglasi cha mirto baridi. Asiyetaka divai ana bia ya Ichnusa, inayotengenezwa kisiwani hapa tangu 1912, au maji.

Yote hayo niliyasoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na nayasema bila kusitasita. Tatizo huanza pale mgeni anapofunga menyu na kuniuliza, “Wewe mwenyewe ungechagua ipi?” Swali hilo haliombi habari za mchanga wala mapipa. Linauliza habari za ulimi wangu.

Mwaka 1982 mwanafalsafa Frank Jackson alitunga mfano wa mwanasayansi aitwaye Mary, aliyelelewa ndani ya chumba kisicho na rangi nyingine ila nyeusi na nyeupe. Mary amesoma kila kinachoweza kusomwa kuhusu rangi: mwanga, jicho, ubongo. Siku anapotoka na kuona kitu chekundu kwa mara ya kwanza, je, anajifunza jambo jipya? Wengi wetu tunahisi kwamba ndiyo. Mimi ni Mary wa divai. Tofauti ni kwamba mlango wangu hauna kufuli. Nimechagua mwenyewe kukaa ndani.

Mama yangu hajasoma habari za Mary, lakini alifika palepale kwa njia fupi zaidi. Nilimpigia simu, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za mvua, akaniuliza kama ni kweli nauza pombe. Nikamwambia nauza chakula, pombe inakuja pamoja nacho. Hakunibishia. Akauliza tu, “Sasa mwanangu, ukiwaambia ni tamu, unasema kwa ulimi wa nani?”

Rafiki yangu anayesomea udaktari alijaribu kunitetea. Daktari, alisema, huandika dawa ambazo hajawahi kuzimeza, na mkunga mwanamume huzalisha wanawake vizuri tu. Ni utetezi mzuri, lakini hautoshi. Uzuri wa dawa hauko mdomoni. Homa inashuka, kipimo kinaonyesha, na yeyote anaweza kusoma kipimo. Uzuri wa divai unaishia palepale inapoonjwa, na mtu wa nje hana kipimo cha kusoma.

Hata hivyo nilipoanza kujichunguza niligundua kwamba sikuwa mtupu kama nilivyodhani. Kila aliyewahi kung'ata ndizi mbichi au bibo anajua ukakasi: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani. Kinachofanya divai nyekundu ikaushe kinywa ni tanini, ambazo zinashikana na protini za mate, na zimo pia katika chai ya rangi iliyokolea. Nyama yenye mafuta hupunguza ukali huo. Vilevile sihitaji kunywa Vermentino ili nielewe kwa nini samaki anataka kitu chenye uchachu. Nimekua nikimkamulia samaki ndimu. Hata onyo la kutonywa divai nyekundu na vyakula vya baharini lina maelezo yake: mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika divai yanachangia ile ladha ya shombo inayobaki mdomoni.

Na kuna jambo jingine ambalo mhudumu analijua kuliko mnywaji. Mgeni akiulizwa kama amefurahia, atasema ndiyo kwa adabu. Glasi haina adabu. Kwa muda niliofanya kazi hii nimeona Cannonau iliyoagizwa na chaza ikirudi jikoni nusu chupa, na Vermentino ikiisha kabla ya sahani, kisha mkono unainuliwa kuomba nyingine. Ninajua ndimi za watu wengi, kwa kuziangalia kutoka nje. Sikio halilali na njaa, na macho nayo hayalali na njaa.

Nao wenye ndimi, je, wanajua kwa ndimi tu? David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, anasimulia kisa alichokitoa katika Don Quixote. Watu wawili waliitwa kuonja pipa la divai. Mmoja alisema ni nzuri, ila ina ladha ya ngozi kidogo. Wa pili alisema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipoisha, chini yake ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi. Kwa Hume, hao ndio mashahidi wa kweli: ulimi wao uligusa kilichokuwamo.

Lakini mwaka 2001 lilichapishwa jaribio kutoka Bordeaux, Ufaransa, ambalo linatia doa picha hiyo. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Katika kueleza harufu yake walitumia maneno ya divai nyekundu. Hawakuwa waongo, na pua zao zilikuwa nzima. Macho yao yalikuwa yamekwisha kuwaambia cha kunusa. Nao pia walikuwa wakirudia walichosimuliwa, ila msimulizi alikuwa ndani yao na hawakumtambua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ninachodaiwa si ulimi. Karibu kila tunachokijua tumekipata kwa wengine: tarehe zetu za kuzaliwa, umbo la dunia, majina ya mababu. Anayesema mambo ya kuambiwa hana kosa. Kosa huanza anapoyavika nguo za mambo aliyoyapitia, ili msikilizaji ampe imani isiyo yake. Kiswahili kimetupa vifaa vya kuepuka hilo. Tuna “wanasema”, tuna “inasemekana”, tuna “nimeambiwa”. Tuna “eti”, neno dogo linalomwambia msikilizaji: habari hii imepita kwangu, haikuanza kwangu, ipime. Mtoto wa miaka mitano anajua kuitumia. Ni watu wazima wenye kitu cha kuuza ndio huisahau.

Kwa hiyo mgeni anaponiuliza ningechagua ipi, namjibu kwamba mimi sinywi. Kisha namwambia mpishi wetu hupenda ipi na chakula alichoagiza, wageni humaliza ipi, na kwa nini uchachu unafaa hapa na ukakasi unafaa pale. Nilitarajia watu wakasirike au waombe mhudumu mwingine. Wachache huomba. Wengi hutulia, kama mtu aliyeondolewa shaka kwamba anauziwa kitu.

Lakini kanuni isiyogharimu kitu haijajaribiwa, na yangu ilijaribiwa na Cannonau. Mwaka 2004 watafiti, wakiwemo Gianni Pes na Michel Poulain, walichapisha utafiti kuhusu eneo la milima la Sardinia ambako wanaume wengi kuliko kawaida walifikisha miaka 100. Habari hiyo ilienea duniani, na migahawani ikageuka hadithi ya chupa: kunywa Cannonau, uishi miaka mia. Mwenye mgahawa alitaka tuwasimulie watalii hadithi hiyo tunapofungua chupa. Alisema haimdhuru mtu, na kila mtu anaondoka akitabasamu.

Nilikataa. Kuhesabu wazee hakuthibitishi kilichowafikisha huko. Wazee hao walipanda milima na mifugo yao, walikula maharage na mboga za bustanini, waliishi katikati ya jamaa zao. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mwenzangu wa kazini aliniuliza kwa haki: kwani kuna tofauti gani? Divai hujaionja, na wazee hujawahoji. Mbona unasema la kwanza na kukataa la pili? Ungeweka tu “wanasema” mbele yake.

Tofauti niliiona katika kile kinachofuata baada ya maneno yangu. Nikisema Vermentino inafaa na fregola, mgeni anainua glasi na baada ya nusu dakika ananihukumu. Kama nimekosea, amepoteza euro kadhaa, nami nimepoteza imani yake. Maneno yangu yanakwenda moja kwa moja mahakamani. Lakini nikimwambia divai itampa miaka, hakuna glasi ya kuinua. Ataibeba habari hiyo hadi nyumbani kwake, ataimwaga mwilini mwake kila jioni, na siku ya hukumu mimi sitakuwapo. “Wanasema” inatosha kwa jambo ambalo msikilizaji anaweza kulipima mwenyewe. Kwa jambo asiloweza kulipima, neno hilo huwa mlango wa nyuma wa kupitishia uongo ambao hatuthubutu kuusema kwa vinywa vyetu.

Gharama yake ilikuwa meza za nje za Jumamosi, ambako watalii huacha bakshishi. Alipewa mwenzangu. Kwa mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba, si kitu kidogo, na sijazirudishiwa.

Swali la mama sijalimaliza. Kusema kweli kuhusu divai hakunipi jibu kama ni sawa kuibeba. Hilo ni jambo jingine, nalipeleka kanisani na kurudi nalo. Ila kwa lile aliloliuliza, sasa nina jibu: nasema kwa ndimi za wengine, na nawataja.

Mirto, kinywaji cha kufunga meza, hutokana na matunda ya mti ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekutana nao katika Isaya kwa jina la mhadasi. Kitoto cha nguruwe kikitoka motoni hulazwa juu ya majani yake, kwa hiyo narudi nyumbani usiku harufu yake ikiwa vidoleni mwangu. Mgeni akiniuliza mirto ikoje, namwambia harufu yake naijua, inafanana na majani yaliyo kwenye sahani. Ladha, akishaonja, aniambie yeye. Wengi huniambia. Mmoja alisema ni kama dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na mtu anayekupenda. Nami nikiulizwa na wengine huwaambia hivyo, eti ni kama dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na mtu anayekupenda.