Hodi Mlangoni mwa Kompyuta

Ukuta wa moto wa kompyuta hufanya kazi ya bawabu zaidi kuliko ya ukuta. Mawasiliano ya intaneti hupitia milango iliyopewa namba, hadi 65535, na bawabu huyu hutazama kila kinachobisha: kimetoka anwani gani, kinaelekea mlango upi, na je, ni jibu la ombi lililotoka ndani? Nia ya mgeni haioni.

Hapo ndipo lilipo swali la maadili. Kumfungia mlango asiyejulikana, si kumdhania vibaya? Dhana mbaya imekemewa katika Qurani, sura ya Al-Hujurat. Lakini sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inawataka waumini wasiingie nyumba za wenzao bila ruhusa, na wakiambiwa warudi, warudi. Adabu ya mwambao ya kupiga hodi mara tatu kisha kuondoka inalandana na mafundisho hayo. Anayerudishwa hajatuhumiwa lolote. Nyumba ina mwenyewe, basi. Ukuta unaofunga kila mlango usiofunguliwa kwa makusudi haumshuku mtu. Unangoja mwenye nyumba aseme karibu.

Milango iliyoachwa wazi imewahi kugharimu. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na ukuta wa moto, ila umezimwa. Agosti 2003 programu hasidi iitwayo Blaster ikapenya kwenye mlango namba 135, bila mwenye kompyuta kubofya chochote. Mwaka uliofuata, kwa sasisho la Service Pack 2, Microsoft ikauwasha kwa wote.

Kwa nyumba nyingi, ukuta uliomo ndani ya Windows pamoja na ruta vinatosha. Mac na Ubuntu nazo zina ukuta wao, japo huenda ukahitaji kuwashwa. Kuta nyingine hujinadi kwa kuuliza kuhusu kila programu inayotaka kutoka nje. Si swali la bure, maana mwizi aliyekwisha kuingia hutoka kama mwenyeji, siri zimo kwapani. Ila anayeulizwa mara ishirini kwa siku hujibu “ndiyo” bila kusoma, na ruhusa ya namna hiyo si ruhusa. Afadhali ukuta unaouliza mara chache, kwa maneno yanayoeleweka.

Kwenye Wi-Fi ya hoteli, mtandao utajwe kuwa wa umma ili milango ibane zaidi. Kwa faili la barua pepe lililofunguliwa na mwenyewe, bawabu hana la kusema: limekaribishwa.